Mtoto wa Nyumba ya Mutie

Gedion aliingia kwa afisa wa probesheni saa nne kasoro dakika kumi, akatoka saa nne na dakika tano akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni.

"Ni rahisi tu," akaniambia. "Ameniuliza nafanya kazi gani, kama mzee yuko hai, na kama nakunywa pombe. Ingia, Mama Mbula, usiogope."

Mimi nilitoka saa sita na robo.

Niseme mapema kwamba mimi na jirani yangu Gedion tulishtakiwa kwa kosa moja, tulilolifanya siku moja, kwa lori moja. Lori hilo lilikuwa likija mtoni kwetu, huku Zombe, kuchota mchanga wa kupeleka mjini. Mto wetu hauna maji ya kuonekana. Maji yako chini ya mchanga, nasi huchimba shimo, tukangoja yajae polepole, tukachota kwa kikombe hadi mtungi ujae. Mchanga ukienda, maji yanakwenda nao. Tulimlalamikia chifu tangu Januari hadi tukachoka. Jumapili moja mchana lori likashuka tena, dereva na watu wake wakalala kivulini wakingoja jua lipungue. Gedion akasema leo hawaondoki. Yeye ndiye aliyesema, na ndiye aliyeleta mtaimbo aliouchonga ncha. Alitoboa tairi sita. Mimi nilivunja kioo cha mbele na vya pembeni kwa mawe, na sitasema uongo, niliona raha. Watu ishirini walituona. Tulipofikishwa kortini tulikiri, maana tungekana nini?

Hakimu aliahirisha hukumu kwa wiki mbili ili afisa wa probesheni atuchunguze na kuandika ripoti ya kila mmoja. Ripoti ikiwa nzuri, mtu hurudi kwake akawa chini ya uangalizi. Ikiwa mbaya, ni jela. Mimi nina binti mmoja, Mbula, mwenye miaka mitatu na miezi minane. Tangu siku hiyo sikuwa na hofu nyingine duniani ila moja, kwamba nitafungwa na mtoto wangu achukuliwe na serikali.

Afisa aliitwa Madam Nasima. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kitui mjini, mwenye hijabu ya kijivu na sauti ya upole. Mtu mkali ningemjibu kwa ukali. Upole wake ndio ulioniponza.

"Mama, siku ile mtoto ulimwacha na nani?"

"Na nyanya yake."

"Unapika mwenyewe nyumbani? Kanisani unaenda? Mbona Jumapili hiyo hukuwa kanisani?"

"Nilikuwa nimeshatoka ibadani."

"Na kwa nini mwanamke aende mtoni kupigana na wanaume wa lori? Hukuwaza mtoto?"

Nikajiuliza kama Gedion naye aliulizwa kuhusu watoto wake. Anao wawili kule Mtito Andei, kwa mama mmoja anayeuza chai pale malori yanapoegesha, na hajawaona miaka miwili. Lakini nilinyamaza. Mtu aliye chini ya maji hachagui wa kumrushia matope.

Kisha akafika penye swali nililokuwa nikiliogopa tangu niamke.

"Hali ya ndoa?"

Nieleze vizuri. Mimi ni mke wa iweto. Kwa sisi Wakamba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, na mume wake amekufa, anaweza kuoa mke kwa mbuzi na ng'ombe kama mwanamume aoavyo. Mke huyo humzalia watoto, na watoto huwa wa nyumba ile, huitwa kwa jina la marehemu, ili moto wa nyumba usizimike. Mimi nilitoka Kikima, huko Mbooni, nikiwa na miaka ishirini na minne, nikaolewa Zombe na mama anayeitwa Kathini. Marehemu mume wake aliitwa Mutie. Baba wa damu wa Mbula ni mtu ambaye kwa desturi yetu haulizwi wala hatajwi. Hakuna jambo la ajabu hapo. Kathini hunipenda, hunigombeza, hunigawia ugali wake, na nikiugua yeye ndiye hukesha.

Lakini usiku wa kuamkia siku ile mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Kikima. "Wayua," akaniambia, "usithubutu kutaja iweto kwa hao watu wa korti. Wameokoka, na wengine ni Waislamu. Watakuona malaya tu. Sema mume wako alikufa. Si alikufa kweli?"

Nami nikaona kuna ukweli ndani yake. Mbele ya wazee wetu, mtoto wangu ni wa Mutie. Jina lake ni Mbula Mutie.

"Mimi ni mjane," nikamwambia Madam Nasima. "Mume wangu aliitwa Mutie."

"Pole sana, mama. Alikufa lini?"

Nilijua liliko kaburi la Mutie, nililipalilia kila mwaka, lakini sikuwa nimejiandaa kwa swali la tarehe.

"Si zamani sana," nikasema.

Akaandika. Nikaiona kalamu ikitembea.

Wiki ile sikulala. Kila pikipiki ikipita barabarani nilidhani ni ofisa wa watoto. Mbula akinishika sketi nilimshika mkono kwa nguvu hadi akalia. Nilimpikia mayai kila siku kama mtoto anayesafiri. Kathini aliniona. Macho yake yameingia ukungu, lakini hakuna kinachompita.

"Wayua, ulimwambia nini yule mama wa serikali?"

"Alichouliza, mwaitu." Ndivyo ninavyomwita, mama yangu.

"Na mimi ulinitaja?"

"Nilisema nakaa na nyanya wa mtoto."

Kathini akatema mate kando. "Nyanya," akasema. Ilinichoma kuliko angenitukana, na nilistahili.

Jumanne ya wiki ya pili nilikwenda mtoni. Shimo lilichelewa kujaa, na niliporudi na mtungi mgongoni jua lilikuwa limeshapanda. Nikaona gari jeupe la serikali limesimama kando ya boma letu. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyenionya. Kumbe ndivyo wafanyavyo, huja bila kubisha hodi ili waone nyumba ilivyo.

Hawakuwa ndani. Walikuwa nyuma ya ghala, Kathini na Madam Nasima, wamesimama kaburini. Kathini alikuwa ameshika mkono wa mgeni wake, akimwonyesha msalaba wa saruji. Alifurahi kama mtu aliyepata wa kumsimulia.

"Hapa ndipo alipo mwenye boma," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mutie wangu. Mtu poa sana. Hatukupata mtoto hata mmoja. Ndiyo mimi nikaoa huyu. Nililipa mbuzi ishirini na nane, na ng'ombe mbili, na asali. Uliza Kikima yote."

Madam Nasima aliinama akasoma maandishi kwenye saruji. Akageuka akaniona nimesimama na mtungi wangu. Sikuweza hata kuutua.

"Mama Mbula," akasema taratibu, "hii kaburi ni ya mwaka tisini na nne."

"Ndiyo, Madam."

"Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Tisini na nne."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, kutoka mlango wa ofisi hadi nyuma ya ghala. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, nikirudia mara mbili mbili, mtungi ukinilowesha mgongo. Nilimwambia kwamba si uongo, kwamba kwetu mtoto ni wa Mutie hata kama Mutie amekufa, kwamba nilimwogopa yeye. Kathini alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoelewa kwamba nilikuwa nimemficha, aliuachia mkono wa Madam Nasima.

"Mimi nimeolewa, Madam. Nina kwangu, ndio hapa. Andika hivyo, tafadhali. Andika ukweli."

"Nitaandika nilichokiona na nilichoambiwa," akasema. "Tatizo ni kwamba umeniambia mambo mawili. Na fomu inauliza mume. Kama hakuna mume, inauliza wazazi. Huyu mama sina pa kumweka."

"Si umweke tu."

Madam Nasima alimtazama Mbula, aliyekuwa ameketi chini akila maembe mabichi, uso umejaa vumbi na kamasi, siku hiyo hiyo ambayo sikuwa nimemwosha. Akaandika jambo. Nilijua ni nini, na nikajichukia kwa kwenda mtoni kabla ya kumnawisha. Je, kwa Gedion alikuta watoto wamenawishwa? Kwa Gedion alimkuta baba yake, mzee Mwangangi, mzee wa kanisa, nyumba ya matofali, kikombe cha chai na mkate. Ndiyo ripoti hiyo.

Usiku ule Kathini hakula. Niliketi mlangoni kwake.

"Uliona haya kwa ajili yangu," akasema gizani.

"Niliogopa, mwaitu."

"Kuogopa ni sawa. Mimi pia naogopa. Wakikufunga, mimi na macho haya nitamlindaje mtoto? Lakini ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza. Mimi naweza kunyamaza vizuri sana."

Nililia. Kama ningesema ukweli mwanzoni, pengine ningeonekana malaya. Kwa kusema uongo nilionekana malaya mwongo.

Siku ya hukumu tulifika kortini saa mbili. Kathini alivaa gauni lake la bluu la ibada, akamfunga Mbula leso kichwani, na safari hii nilikuwa nimemwosha mtoto hadi ngozi ikang'aa kwa mafuta. Gedion alikuja na baba yake na nusu ya waumini wa kanisa lao. Walijaza benchi tatu. Kwangu kulikuwa na kikongwe mmoja na mtoto mmoja.

Tulisimama kizimbani pamoja, bega kwa bega. Nilimsikia Gedion akipumua. Naye aliogopa, simnyimi haki yake.

Ripoti yake ilisomwa kwanza. Mtu wa familia. Mwenye makao thabiti. Anatoka katika nyumba inayomcha Mungu. Aliongozwa na hasira kwa sababu ya maji ya jamii yake. Wazazi wako tayari kumpokea. Sikusikia neno Mtito Andei, wala sikulitarajia.

Kisha yangu. Mshtakiwa wa pili alijitambulisha kuwa mjane wa mtu aliyefariki mwaka ambao yeye mwenyewe alizaliwa. Hana mume. Baba wa mtoto hajulikani. Anaishi na mama mzee ambaye hana uhusiano naye wa damu wala wa ndoa. Mtoto alionekana hajatunzwa vya kutosha. Siku ya tukio alimwacha mtoto huyo akaenda kushiriki fujo.

Watu wakaguna. Nilihisi macho yao mgongoni.

Ndipo Kathini akasimama. Hakuna aliyemwita. Alijishikilia kwa benchi la mbele, akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Mheshimiwa, mimi ndiye nilimwoa! Ako na bwana, ni mimi!"

Korti ilicheka. Si watu wabaya, ni majirani, wengine wana wake wa iweto katika koo zao, lakini walicheka kwa sababu hapo ndani palikuwa mahali pa kucheka jambo kama hilo. Hata Gedion alitabasamu kabla hajajizuia. Karani akapiga meza. Askari akamkalisha Kathini kwa adabu. Mbula aliona watu wanacheka, naye akacheka.

Hakimu alikuwa mtu mtaratibu, mwenye miwani. Hakucheka. Alianza na Gedion: miaka mitatu chini ya uangalizi wa probesheni, arudi nyumbani, asionekane mtoni penye lori. Benchi tatu zikasema amina.

"Mshtakiwa wa pili," akasema, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwanamume anaweza kupandwa na hasira. Tunajua hasira ya wanaume ilivyo. Lakini wewe ni mama. Ulikuwa na mtoto mdogo nyumbani. Ulikuwa na sababu ya kurudi, na hukurudi. Kisha ukaidanganya ofisi ya korti kuhusu ndoa yako. Korti haioni ni nani atakayekuangalia ukiachiliwa. Utatumikia kifungo cha miezi kumi na minane, ili wanawake wengine wajifunze."

Tairi sita zilitobolewa na Gedion.

"Mtoto ana umri gani?" hakimu akauliza.

Madam Nasima akainuka na faili lake. "Miaka mitatu na miezi minane, Mheshimiwa. Kwa sheria anaweza kuingia na mama hadi atimize miaka minne. Baada ya hapo, kwa kuwa hakuna jamaa anayetambulika, ofisi ya watoto itamtafutia makao."

Nililielewa neno hilo mara moja. Miezi minne ningekuwa naye nyuma ya ukuta, tukilala kitanda kimoja. Baada ya hapo atakuja mtu na gari jeupe, amchukue mtoto analia, ampeleke kwenye nyumba ya watoto katika mji nisioujua, kwa sababu Kathini si kitu. Na mimi ningebaki na mwaka mzima na zaidi wa kukaa nikijiuliza kama amekula. Kumpata baadaye ningehitaji kuwaonyesha mume, na makao, na uso wa mama mwema. Nilishaona wanavyopima.

Mbula alikuwa ameshanyoosha mikono, amezoea kwamba nikisimama ninambeba.

"Mlete mtoto," hakimu akamwambia askari.

"Si wangu," nikasema.

Hakimu akainua kichwa.

"Unasemaje?"

"Mtoto si wangu, Mheshimiwa." Nikamwonyesha Kathini kwa kidole. "Ni wa yule mama pale. Wa nyumba ya Mutie. Mimi nilimzaa tu. Sina mtoto wa kuingia naye."

Nikasikia mwanamke mmoja nyuma akisema "Mungu wangu," na mwingine akisema, "Anamkana mtoto wake, mnasikia?" Hakimu alivua miwani. Nilijua anachokiona: mwongo, mvunja vioo, na sasa mama anayetupa mtoto kama kitambaa. Alijua ameamua sawa.

Akamgeukia Madam Nasima. "Ofisa, hayo ni kweli?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Mbula ndani ya faili. Nilikiona na mihuri yake. Jina langu lilikuwa pale, mama: Wayua. Neno moja kutoka kwake na askari angemtwaa Mbula.

Madam Nasima alifungua faili, akalifunga. Alimtazama Kathini, aliyekuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, macho yake ya ukungu yakiwa yameelekezwa pasipo mtu. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Kwa mila yao, Mheshimiwa," akasema, "ni kweli. Huyu mama ndiye mwenye nyumba. Mtoto ni wake. Hana haja ya makao mengine."

"Liandikwe hivyo," hakimu akasema, na karani akaandika.

Ikaandikwa. Siku ile kaburini nilimsihi aandike maneno hayo na hayakupata nafasi kwenye karatasi. Yangeniacha huru. Sasa yalipata nafasi, kwa kuwa yaliniondolea mtoto.

Askari wa kike alinigusa kiwiko. Mbula aliniita, si kwa kulia, kwa kuniita tu, kama aniitavyo nikichelewa mtoni. Sikugeuka. Ningegeuka wangeona uso wangu, na uso wangu ungenisema. Nilisikia fimbo ya Kathini ikigonga sakafu polepole kuelekea mlangoni, na miguu midogo ikimfuata, na hakuna aliyewazuia.